Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kampuni za Arusha na Moshi: nembo kwenye fulana haitoshi

Kwa wakurugenzi watendaji, mameneja masoko na wamiliki wa kampuni zinazodhamini michezo Arusha na Moshi

YAH: FEDHA ZENU ZA UDHAMINI NA THAMANI MNAYOIACHA UWANJANI

Ndugu wakurugenzi,

Salaam. Nawaandikia nikiwa upande wa wanaopokea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mhazini wa kamati za mbio za barabarani na ligi za vijana katika miji yetu hii miwili. Barua zenu za kukubali udhamini hupita mikononi mwangu, pamoja na hundi zenu na mikataba, pale mkataba unapokuwepo. Tukio likiisha, ninabaki na mabango yenu ambayo hakuna anayekuja kuyachukua. Nimeshuhudia kampuni kubwa ikitoa fedha nyingi kwa moyo mweupe na kuondoka na picha ya mfano wa hundi, basi. Nimeshuhudia pia duka la vifaa vya ujenzi likitoa maji na gari moja la kubebea wagonjwa wa kubanwa misuli, na mwaka mzima wakimbiaji wakawa wanalitaja duka hilo kwa jina.

Jambo ninalotaka kuwaambia ni moja. Mnapolipa udhamini mnanunua ruhusa ya kuutumia mchezo. Wateja, heshima na mauzo hutokana na kazi mnayoifanya kwa ruhusa hiyo, na kazi hiyo hapa kwetu karibu haifanyiki kabisa.

Mnajua inavyokwenda. Barua ya maombi inaingia ofisini wiki tano kabla ya mbio. Mkurugenzi anaidhinisha kwa sababu aliyeileta anafahamiana na mtu wa ndani. Fedha inatoka kwenye fungu la misaada kwa jamii. Nembo inatumwa kwa WhatsApp ikiwa imefifia, na mchapishaji anaibana mgongoni mwa fulana katikati ya nembo nyingine kumi. Siku ya tukio meneja anafika saa mbili asubuhi, wakati wakimbiaji wa kilomita tano wameshamaliza na wanatafuta supu. Anakabidhi zawadi, anapigwa picha na mgeni rasmi, anaondoka. Jumatatu afisa uhusiano anarusha picha kwenye kundi la menejimenti. Mwaka unaofuata mtu wa fedha anauliza tulipata nini, hakuna mwenye jibu, na sisi tunaambiwa bajeti imekatwa.

Simlaumu huyo mtu wa fedha. Swali lake ni halali. Linalonisikitisha ni kwamba jibu lingekuwepo kama kampuni ingetenga fungu la kuitumia nafasi iliyoilipia. Kibali cha kuweka meza Soko la Mbuyuni hakijawahi kuuza mkungu wa ndizi; lazima mtu aamke, apange ndizi, aite wateja. Wazoefu wa biashara ya udhamini duniani wana kipimo wanachokitaja mara kwa mara: kila shilingi inayolipia haki za udhamini ipate mwenzake, shilingi nyingine ya kuzifanyia kazi haki hizo. Wapo wanaotenga hata zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkiwa na milioni 10, msitafute udhamini wa milioni 10. Chukueni wa milioni tano, na tano zinazobaki ziwe za redio za hapa wiki tatu kabla ya tukio, kibanda chenye watu wanaojua bidhaa, usafiri wa wafanyakazi wenu watakaojitolea, mpiga picha wenu wenyewe, na kuwafuatilia washiriki wiki mbili baada ya tukio. Kamati nyingine zitanikasirikia kwa ushauri huu, kwa maana unapunguza fedha inayoingia kwetu leo. Lakini nawaona wadhamini wanavyokuja na kutoweka, na najua mdhamini wa milioni tano aliyepata faida atarudi mwakani. Yule wa milioni 10 aliyetoka mikono mitupu harudi.

Mfano mzuri hauko mbali. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na siku hizi kila mwisho wa Februari inaleta Moshi washiriki zaidi ya 10,000, wakiwemo wageni kutoka nje ambao wanaunganisha mbio na kupanda mlima au kwenda mbugani. Bia ya Kilimanjaro Premium Lager imekaa na mbio hizo kwa miaka mingi kiasi kwamba mtu akitaja bia, mlima na mbio anatumia neno lilelile, na wala hajisikii kama anatangaza bidhaa ya mtu. Kampuni ya simu ya Tigo ilijishikiza kwenye nusu marathon, kilomita 21, mwaka baada ya mwaka. Kampuni hiyo ilipobadili jina mwishoni mwa 2024 na kuitwa Yas, mbio za mwaka 2025 zilikuwa tayari kuwa mahali pa kulitambulisha jina jipya mbele ya maelfu ya watu ambao walikwishaizoea kampuni hiyo barabarani. Kujenga nafasi ya namna hiyo kunachukua miaka. Huwezi kuinunua kwa msimu mmoja.

Mbio zile zinaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika, na wakimbiaji wanapanda njia ya Mweka kwa miguu inayotetemeka. Siku hiyo mji mzima uko nje. Wenye hoteli, wenye migahawa, wenye magari ya wageni, wote wanapata. Najiuliza kila mwaka: kampuni ya Moshi ambayo haina fedha za kuwa mdhamini mkuu inafanya nini siku ile? Kituo kimoja cha maji kwenye kilima, chenye wafanyakazi wenu waliovaa vizuri wanaomwita mkimbiaji kwa jina lililoandikwa kwenye namba yake ya kifuani, kitakumbukwa kuliko bango la mita sita pale uwanjani. Mtu aliyechoka humkumbuka aliyempa maji. Wakimbiaji wenyewe wameniambia hivyo kila mara, na mtu yeyote aliyewahi kupanda kile kilima ataniunga mkono.

Nasema haya nikijua kwamba wengi wenu mnapofikiri michezo mnafikiri Simba na Yanga. Nawaelewa. Mwaka 2022 kampuni ya kubashiri ya M-Bet ilitangaza mkataba wa miaka mitano na Simba wenye thamani ya shilingi bilioni 26.1, na SportPesa, nayo ya kubashiri, ikaingia na Yanga kwa miaka mitatu, bilioni 12.3. Fedha za namna hiyo si za kampuni ya utalii ya Njiro wala kiwanda cha kahawa cha Moshi. Na hata wenye nazo hukwama wasipousoma mkataba mpaka mwisho. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, safari kubwa kuliko zote katika historia yao. Katika mashindano hayo vifuani mwao palikuwa na nembo ya Haier, kampuni ya vifaa vya umeme, badala ya SportPesa, kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilikuwa na mdhamini wake wa kubashiri na haikuruhusu mshindani. Mdhamini wa msimu mzima hakuonekana kwenye mechi zilizotazamwa na bara zima. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2021, kampuni ya GSM, mfadhili wa Yanga, ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu. Simba hawakukubali kuivaa nembo hiyo, na miezi michache baadaye mkataba ukafa. Ninayataja haya kwa sababu kwenye kamati zetu ndogo mambo ni yaleyale. Tunawaahidi benki moja kuwa mdhamini wa fedha, na wiki ya mwisho mjumbe mwingine anakuja na benki ya pili. Andikeni kwenye mkataba: aina yetu ya biashara ni sisi tu. Andikeni nani ana haki ya kwanza ya kuendelea mwakani, nembo itakaa wapi na kwa ukubwa gani, na kamati isipotimiza fedha gani inarudi.

Na msiogope kudai nembo ziwe chache. Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya 1976 ilikuwa na mamia ya wadhamini na ikauachia mji deni la miaka mingi. Waandaaji wa Los Angeles 1984 walifanya kinyume: wadhamini wachache, kila aina ya biashara kampuni moja tu, kila mmoja alipe zaidi. Wakamaliza na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Fulana yetu yenye nembo kumi na moja mgongoni inamfaidi mchapishaji peke yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa.

Tarehe 15 Septemba 2025, wengi wetu tukiwa bado tumelala, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule. Waamuzi walilazimika kutazama picha ya mstari wa mwisho, tofauti ikawa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kulipokucha mitandao ilijaa mabango ya pongezi, kila moja na nembo ya kampuni chini kulia. Pongezi ni jambo jema na mwanariadha anastahili. Lakini niliyapitia yale mabango nikijiuliza ni kampuni ngapi kati ya hizo zilikuwa zimemnunulia mwanariadha yeyote wa Tanzania hata jozi moja ya viatu vya mazoezi.

Ipo iliyowahi. Kabla ya Olimpiki ya Rio 2016 Multichoice Tanzania ilimchukua Simbu akiwa bado si mtu wa kupigiwa makofi mtaani, ikamfanya balozi wa DStv na kumsaidia ajiandae. Alishika nafasi ya tano Rio. Mwaka uliofuata akaleta shaba ya dunia kutoka London. Kila aliyeandika habari za medali ile aliandika pia nani aliyemshika mkono mapema. Hiyo ndiyo bei nzuri kuliko zote katika udhamini: kuingia kabla ya umaarufu. Ukisubiri medali, utalipa mara nyingi zaidi na watu watajua umefuata medali.

Na hapa ndipo Arusha na Moshi mnapoketi juu ya utajiri bila kuugusa. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3:32.2, na rekodi ile ilidumu miaka mitano. John Stephen Akhwari wa Mbulu ndiye aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, wa mwisho, na dunia haijamsahau mpaka leo. Gabriel Geay alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston 2023, mbele ya majina ambayo watu hulipia tiketi kuyaona. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Berlin mwaka huohuo kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Ukanda huu una mwinuko, una hali ya hewa, una watu wenye mapafu. Amkeni alfajiri mwende barabara za Ngaramtoni mtawaona vijana wanapita makundi kwa makundi, wengine viatu vimetoboka mbele.

Wanahitaji nini? Chakula cha kutosha, kwanza. Kijana anayekimbia zaidi ya kilomita 150 kwa wiki hawezi kuishi kwa mlo mmoja na chai. Anahitaji kodi ya chumba, viatu, mtu wa kumkanda misuli, bima, na nauli ya kwenda kwenye mashindano ambako meneja wa nje atamwona. Kambi nzima ya vijana inaweza kuendeshwa mwaka mzima kwa fedha ambayo kampuni ya wastani inaitumia kwenye tafrija moja ya mwisho wa mwaka. Kwa fedha hiyo kampuni inapata hadithi ya kusimulia kila wiki: leo kijana wetu amepunguza dakika, kesho ameumia anatibiwa, mwezi ujao anakwenda kukimbia nje kwa mara ya kwanza. Watu hufuatilia safari ya mtu. Siku akishinda, mji mzima utasema wale ndio waliokuwa naye, na hakuna mshindani atakayewanyang'anya neno hilo kwa kulipa bango kubwa zaidi. Naye asiposhinda, bado mmemlisha kijana wa jirani yenu na watu wamewaona mkifanya hivyo. Ninaamini hili kwa dhati, na ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Nitaongeza moja kwa kampuni zinazouza bidhaa za nyumbani, mafuta, sabuni, unga, vipodozi. Wanunuzi wenu wengi ni wanawake, na fedha zenu nyingi za michezo zinakwenda kwa wanaume. Msichana mwenye kipaji cha mbio huacha mazoezi mapema kuliko kaka yake kwa sababu nyumbani wanaona anapoteza muda. Mkataba mdogo wa kampuni, wenye posho ya kila mwezi, hubadilisha maneno ya baba na mama haraka kuliko semina.

Moshi ilikuwa na timu ya Ligi Kuu kwa misimu minne, Polisi Tanzania, nyumbani kwake uwanja wa Ushirika, mpaka iliposhuka daraja mwaka 2023. Simba ilikuja, Yanga ilikuja, mji ulijaa mpaka vyumba vya wageni vikaisha. Kampuni za Moshi zilizozitumia siku hizo kwa mpango naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Arusha nako timu zetu zimezunguka madaraja ya chini miaka mingi, na kila msimu zinaanza kutafuta jezi wiki moja kabla ya mechi ya kwanza. Sitakaa hapa sana, maana mpira una wasemaji wengi.

Kampuni za utalii nina neno lenu. Mei 2018 Rwanda iliweka maneno ya Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, na watu wengi, hata hapa kwetu, walibeza: nchi ndogo inapeleka fedha Uingereza. Wachache walitazama kilichofuata. Oktoba 2019 David Luiz akiwa bado mchezaji wa Arsenal alialikwa Rwanda na picha zake zikazunguka dunia nzima. Wachezaji wa zamani wa klabu hiyo wakawa wanaalikwa kwenye Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani. Mkono wa jezi ulikuwa mlango tu. Mgeni aliyekuja kulala, kula na kupiga picha ndiye aliyeuza nchi. Hakuna kampuni ya Arusha itakayonunua mkono wa jezi ya Arsenal. Lakini kila Februari wakimbiaji wa nje wanashuka uwanja wa ndege wa KIA wenyewe, kwa nauli zao, na kila mmoja ana simu mkononi. Ni nani anayemwalika hata mmoja wao, mwenye wafuasi wengi, akae siku tatu zaidi aone Ngorongoro kwa gharama ya kampuni? Jumla ya gharama hiyo ni ndogo kuliko kibanda kwenye maonyesho ya utalii Ulaya.

Halafu kuna AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja, na ujenzi wa uwanja wa watu 30,000 ulianzishwa kata ya Olmoti hapa Arusha kwa ajili hiyo. Nawasikia mnavyopanga. Nawaomba mtangulie kujua sheria za michezo mikubwa. Nembo ya mashindano, jina lake rasmi, mascoti, eneo linalozunguka uwanja, vyote ni mali ya CAF na wadhamini wake, na wanavilinda kwa wanasheria. Kwenye Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini, wanawake 36 waliovaa magauni ya rangi ya chungwa yaliyohusishwa na bia ya Bavaria walitolewa uwanjani Soccer City kwa sababu mdhamini rasmi wa bia alikuwa mwingine, na wawili wakafikishwa mahakamani kabla ya mashtaka kufutwa. Msichapishe fulana za AFCON mkidhani ni uzalendo. Fedha hizo ziwekeni sasa kwenye timu za watoto za Kwa Mrombo, Majengo, Pasua na Sakina, kwenye marefa wa mchangani, kwenye ukarabati wa kiwanja kimoja. Wageni watakapofika watakuta kampuni ambayo tayari ina jina kwenye mpira wa mji huu, na hakuna mwanasheria wa CAF atakayeligusa jina hilo.

Wafanyakazi wenu pia. Kampuni zenye viwanda, hoteli na mashamba zina mamia ya watu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba kampuni yao inadhamini mbio. Wapeni namba za kukimbia, wapeni vituo vya maji wavisimamie, wapeni nafasi ya kuleta watoto. Mfanyakazi anayekwenda kazini Jumatatu akiwa na medali shingoni anaizungumzia kampuni kwa fahari mbele ya wenzake, majirani na ndugu zake, jambo ambalo tangazo la redio haliwezi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee wetu, na udhamini wenu hauna daftari. Kabla ya tukio waulizeni wateja mia moja dukani au kaunta: mnaijua kampuni yetu kwa lipi? Waulizeni tena wengine mia moja mwezi mmoja baada ya tukio. Fungueni Lipa Namba ya tukio hilo peke yake ili mauzo ya siku ile yaonekane yenyewe bila kuchanganyika na ya dukani. Toeni punguzo lenye neno maalumu lililoandikwa nyuma ya namba ya kifuani, mhesabu ni wangapi wamelileta. Kampuni ya utalii iongeze swali moja kwenye fomu ya mgeni: ulitusikia wapi? Idadi ya picha kwenye magazeti na idadi ya waliopenda chapisho si mauzo, msikubali ripoti inayoishia hapo, hata ikitoka kwangu.

Kuhusu namba za simu za washiriki kuna jambo la kisheria. Wadhamini wengi hutuomba orodha nzima baada ya mbio ili watume ujumbe wa matangazo. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha hiyo haigawiwi kama vipeperushi. Mkiitaka, njooni wakati fomu ya usajili inaandaliwa, tuweke swali la ridhaa, mshiriki achague mwenyewe. Orodha ya watu 800 waliokubali kwa hiari ni bora kuliko ya 5,000 watakaowachukia kwa ujumbe wa saa nne usiku.

Najua mtaniuliza: na nyie kamati je? Mna haki. Kamati nyingi hutuma barua moja kwa kampuni hamsini, jina limebadilishwa tu, na nyingine wamesahau hata kulibadilisha. Hawaelezi washiriki ni akina nani, wanatoka wapi, wana kipato gani. Tukio likiisha hawaonekani mpaka mwakani. Dawa iko mikononi mwenu kwa sababu fedha ni yenu. Fedha itolewe kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu wiki moja kabla, sehemu ya mwisho baada ya ripoti yenye hesabu na picha. Kamati itakayogoma iacheni. Zipo nyingine zitakazokubali, na zikishajua kwamba mnasoma ripoti zitaanza kuziandika vizuri.

Ninaloomba kwa msimu unaokuja ni dogo. Msitume hundi kwanza. Tumeni mtu wenu wa masoko, miezi sita kabla, aje akae nasi kwenye kikao, aione njia ya mbio, aulize tunawafahamu vipi washiriki wetu, aende alfajiri moja Ngaramtoni akazungumze na makocha wa vijana. Akirudi ofisini aandike ukurasa mmoja: tunataka kupata nini, kwa nani, tutafanya nini, tutapimaje. Ukurasa huo ukiwepo, tutakaa mezani tupange bei inayolingana nao. Usipokuwepo, nawaomba msitoe fedha mwaka huo, wala msitoe kwetu kwa kuona aibu kukataa.

Wasalaam,

Mhazini wa kamati za mbio na ligi za vijana
Arusha